Nigonge sasa hivi, sauti ije baadae?

SWALI: Mambo kaka, napiga dumbak, ile ngoma ya umbo la kikombe, kwenye kikundi cha taarab hapa Tanga, nataka nianze kujirekodia nyumbani. Nnayo ya udongo, ngozi ya mbuzi, wenzangu wananiambia niuze ninunue ya alumini. Halafu laptop yangu ni RAM 4, nimeweka FL Studio, programu ya kutengeneza muziki, nikigonga pedi, kile kibao cha kupigia midundo kwenye kompyuta, sauti inakuja baadae hadi napotea kwenye mdundo. Nibadili programu au pedi? – Binti wa Ngamiani

JIBU: Poa dada. Pedi iache, haina kosa. Kinachochelewesha ni bafa, yaani sauti ambayo kompyuta inaikusanya kwanza kabla ya kuitoa, fungua mipangilio ya audio uangalie, ikiwa sampuli (vipande vidogo vya sauti) 1024 basi kwa sampuli 44,100 kwa sekunde hiyo ni kama milisekunde 23, na mkono wa mpiga ngoma unaisikia. Weka dreva ya ASIO, programu ndogo ya kupitisha sauti haraka, ushushe mpaka 256, inabaki kama 6 hivi, ikianza kukwaruza pandisha kidogo. RAM 4 itakutosha ila funga Chrome kwanza, tunajuana.

Programu ya kurekodi mi ningechukua Reaper. FL sio mbaya, ila raha yake ni kutengeneza biti na wewe unataka kurekodi mkono. Reaper nyepesi, unaijaribu siku 60, leseni ya mtu binafsi dola 60.

Dumbak usiuze jamani! Ni kweli masika ngozi inalegea, lakini hata wapigaji wa kidumbak, muziki wa ngoma ndogo wa Unguja, wanazipasha moto kabla ya shughuli, we pasha kwa mbali huku unagonga gonga mpaka mlio upande. Ya alumini yenye plastiki unakaza skrubu basi, na tak yake, ule mlio mkali wa ukingoni, inapenya hata kinanda kikiwa juu harusini, so hiyo pesa ikipatikana nunua ya shoo, kurekodi tumia udongo.

Sasa maiki, hapa ndo wengi tunapigwa chenga. Dum, ule mlio mzito wa katikati ya ngozi, inatokea ule mdomo wa chini ulio wazi, ukiweka maiki kwenye ngozi tu utapata tak tupu. Weka moja juu, kiganja kimoja toka ukingo wa ngozi, nyingine kule mdomoni, halafu ya chini ugeuze fezi, yaani wimbi lake la sauti lipinduke lisigombane na la juu, kwenye Reaper ni kile kitufe cha duara lililokatwa mstari. Mi nilihangaika wiki nzima na dum nyembamba nikalaumu ngoma, kumbe maiki zinauana zenyewe.