Mwenzako Akitoboa, Usiache Kumtania

Kaa kijiwe cha kahawa Ujiji kuanzia alasiri mpaka magharibi, hukosi kukutana na watu wawili watatu ambao kila mmoja ndiye aliyemfundisha msanii fulani mkubwa kuimba. Diamond na Alikiba wote wana asili ya Kigoma, kwa hiyo kila mtaa una mtu wake wa "yule nilimtoa mimi". Sisi wachekeshaji hatujafikia huko, lakini ugonjwa ni uleule, na nadhani kwetu unauma zaidi kwa sababu kichekesho hakitungwi na mtu mmoja kajifungia chumbani. Kinatungwa na watu waliokaa pamoja: mmoja anaanza, wa pili anadakia, wa tatu anaharibu, na pale kwenye kuharibu ndipo watu wanapovunjika mbavu. Sasa mmoja wenu akipanda ndege nacho, nani aseme ni cha nani?

Tulikuwa wanne. Tulianzia maigizo ya shule, tukahamia kwenye harusi na kipaimara za mitaa ya Mwanga na Katubuka hapa Kigoma, halafu tukaanza kurekodi video fupi kwa simu ya mmoja wetu. Mwaka 2018 zilipokuja kanuni za maudhui ya mtandaoni, na ada za leseni zikawa zaidi ya Sh 2 milioni, chaneli yetu ikafia hapo. Hela hiyo tungeitoa wapi? Kila mtu akashika lake. Mmoja alikwenda Dar es Salaam na leo anajaza kumbi, sura yake iko kwenye matangazo. Wa pili ni fundi simu, ana kibanda karibu na Soko la Mwanga. Wa tatu anaendesha boti ya abiria kutoka Kibirizi kwenda Kagunga, na kwa maoni yangu ndiye mchekeshaji kuliko sote, ila abiria wake wengi wako bize kuomba Mungu wafike. Mimi ni MC wa harusi.

Bado tunaitana, bado tunatukanana. Vijana wa vikundi huniuliza tumewezaje, hasa wale ambao mwenzao mmoja ameanza kuitwa mjini na waliobaki wameanza kununa. Nitawaambia nilichokiona.

Kubwa kuliko yote: utani usife. Wanyamwezi waliobeba mizigo ya misafara kutoka huku Ujiji mpaka Bagamoyo walijenga na Wazaramo utani ambao hadi leo unamruhusu mtu kuingia msibani akamwigiza marehemu alivyokuwa akikohoa, akaficha koleo la kuchimbia kaburi, akadai alipwe ndipo alitoe, na wafiwa wanacheka huku machozi yanawatoka. Ndani ya utani huo hakuna anayeuliza nani ana ng'ombe wengi. Mwenye nacho anatukanwa sawasawa na asiye nacho, pengine zaidi.

Kwetu dalili ya kwanza ya maradhi ilikuwa neno "bosi". Mwenzetu alipoanza kuonekana runingani, fundi alianza kumwita hivyo kwa mzaha. Baada ya muda mzaha ukatoka, bosi akabaki. Simu ikiita, fundi anasimama wima ndipo apokee. Akawa anacheka kila kinachosemwa upande wa pili, hata mtu akisema tu kwamba Dar mvua inanyesha. Mchekeshaji haumdanganyi kwa kicheko cha adabu, maana kazi yake ni kujua kicheko kipi kimetoka tumboni na kipi kimetoka mdomoni. Siku moja yule wa Dar akaniambia, "Kaka, yule naye nimempoteza." Hakuna aliyekuwa amegombana na mtu. Heshima tu iliingia mahali isipotakiwa.

Mwenye boti yeye hajawahi kubadilika. Jamaa akishuka uwanja wa ndege, amevaa miwani yake, watu wanaomba picha, mwenye boti anamwuliza kwa sauti kama ile hela aliyokopa ya nauli kwenda Dar ameileta au bado anaitafuta. Wote wanaomzunguka wananyamaza kwa woga. Yeye anacheka mpaka anakaa chini. Nyumbani kwa mwenye boti ndiko anakokwenda kula mgebuka kabla hata hajafika kwa mama yake, na mama ameshalalamika hilo mara nyingi.

Kwa hiyo kama wewe ndiye uliyebaki, mtanie. Mtanie gari lake, Kiswahili chake kipya cha Masaki, tangazo lake baya. Usipomtania umemfanya mheshimiwa, na mheshimiwa hana rafiki, ana wageni.

Lakini utani una mpaka, na mpaka huo hauko sawa kwa pande zote mbili. Asiye nacho anaweza kumtania mwenye nacho juu ya karibu kila kitu. Mwenye nacho akimtania asiye nacho juu ya kukosa kwake, hiyo inageuka kitu kingine, hata maneno yakiwa yaleyale. Na jukwaani ndiyo balaa zaidi.

Nilikuwepo siku hiyo kwenye kibanda cha fundi. Kaja mteja, mama mmoja, simu yake imevunjika kioo lakini spika inafanya kazi. Anamwonyesha fundi kwamba simu inawaka, kafungua klipu iliyokuwa inatembea siku hizo, na sauti ikatoka: mwenzetu wa Dar anasimulia habari za rafiki yake wa Kigoma aliyekimbiwa na mke, mke kaondoka na kila kitu mpaka kitasa cha mlango. Ukumbi mzima unapasuka. Yule mama naye anacheka, anasema jamani huyu mtu wenu ana vituko. Fundi kainamisha kichwa kwenye simu, bisibisi mkononi, anafungua skrubu ambayo tayari ilikuwa imefunguka. Habari ya kitasa ilikuwa ya kweli. Alitusimulia mwenyewe, usiku, sisi wanne tu, na tulicheka sana, na yeye alicheka kuliko sisi.

Niliyoyasema kwenye simu jioni ile hayaandikiki hapa. Ila kanuni iliyotokana na siku hiyo tumeishika hadi leo: kilichosimuliwa kwenye mkeka hakipandi jukwaani mpaka aliyekisimulia aseme ndiyo, na ndiyo hiyo aitoe akiwa peke yake, asiulizwe mbele ya watu. Kutaja jina au kutolitaja hakubadilishi kitu. Kigoma nzima ilijua ni nani. Klipu iliondolewa, na jamaa alikuja mwenyewe, hakutuma hela. Hilo la kuja mwenyewe vijana mlishike. Ukimwumiza mtu kwa maneno ukamlipa kwa muamala, umemwongezea tusi.

Sasa turudi kwenye mali ya pamoja. Tulikuwa na kichekesho cha babu anayesafiri na treni. Babu anaagwa stesheni ya Kigoma, familia nzima inalia, treni haiondoki. Anarudi nyumbani kula. Kesho yake anaagwa tena, vilio vimepungua. Siku ya tatu anarudi anakuta watoto wameshagawana vitu vyake na mjukuu kalala kwenye godoro lake. Wazo lilikuwa langu, kwa sababu babu yangu kweli aliwahi kuagwa mara mbili. Godoro ni la fundi. Vile vilio vinavyopungua siku hadi siku ni vya mwenye boti. Mwendo wa babu, ambao ndio hasa unaochekesha, ni wa yule wa Dar. Kitoe kimoja kati ya hivyo, kichekesho kinalala.

Kabla hajakipeleka Dar alitupigia. Tukakubaliana kwamba jukwaani akitumie atakavyo, na hakuna haja ya kututaja, maana kutaja watu katikati ya kichekesho kunakiua. Lakini kikiingia kwenye tangazo au filamu, kila mmoja apate kitu. Tangazo lilikuja. Alituma. Hakikuwa kiasi cha kujengea nyumba, ila fundi alinunua darubini ya kutazamia vipuri vidogo na anaitumia mpaka leo. Nawashauri mfanye hivyo mapema, wakati bado hakuna hela mezani, maana hela ikishafika kila mtu anakumbuka kwamba wazo lilikuwa lake. Na andikeni. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inalinda kazi iliyofanyika, hailindi wazo lililo kichwani. Daftari lenye maneno ya kichekesho, tarehe na majina ya waliotunga linatosha kuzuia ugomvi mwingi. Ujumbe wa sauti kwenye kundi la WhatsApp nao unasaidia, ingawa simu za wachekeshaji hazidumu.

Halafu acheni kuhesabu hela za mwenzenu. Mwaka 2018 mchekeshaji Mzee Majuto alipokuwa mgonjwa, habari za mikataba yake ya matangazo zilifika mpaka kwa waziri, na kamati ya kupitia mikataba ya wasanii ikaundwa. Alifariki Agosti mwaka huohuo. Huyo ni Majuto, mtu ambaye mtoto wa Kasulu na mtoto wa Tanga wote walimjua kwa sura na kwa sauti. Kama yeye alipata shida kwenye mikataba, unadhani bango moja la rafiki yako lina shilingi ngapi ndani yake? Mchekeshaji wa Dar ana kodi ya nyumba, ana meneja, ana nguo ambazo hawezi kuzirudia kwenye picha, na kuna miezi hakuna shoo hata moja. Mimi msimu wa harusi ukiwa mzuri namzidi, na amekiri mwenyewe.

Kwenye michango sisi tuna kiwango kimoja. Msiba, harusi, mtoto kulazwa, wote tunaandika kiasi kilekile kwenye orodha. Akitaka kuongeza, anampa mhusika mkononi na haisemwi kwenye kundi. Ile orodha ya WhatsApp ni kitu kikali. Mtu mmoja akiandika laki tano, aliyekuwa anakuja na elfu kumi yake anaona afadhali anyamaze, na asiyechanga haji, na asiyekuja msibani mmeshaachana.

Kuna hili la kuomba kushikwa mkono. Nikisikia kijana anasema "naomba unishike mkono braza" najua hatapata kitu. Mkono upi, ushikwe uende wapi? Omba kitu kinachoeleweka. Shoo ikija Kigoma, omba dakika tano za kufungua jukwaa, na uwe nazo tayari, umeshazijaribu kwenye harusi za watu wasiokujua. Mwenzako akikataa, hajakukataa wewe. Pengine mwandaaji ameshajaza orodha. Muulize mara moja, na msimu ujao tena, katikati hapo muongee mambo mengine.

Na anayetoka kwenye sanaa asihesabiwe kwamba ameshindwa. Waliokuwa kundi la vichekesho la Ze Comedy pale EATV, wakahamia TBC1 na kuitwa Orijino Komedi, nchi nzima ilidhani watabaki pamoja vile milele. Masanja akawa mhubiri na mkulima wa mpunga, Joti akaendelea kuchekesha. Mchekeshaji mwingine, Kingwendu, mwaka 2015 aligombea ubunge Kisarawe. Mwenye boti wetu aliacha jukwaa kwa hiari yake, anasema hawezi kulipwa na watu waliokaa kwenye viti visivyoyumba.

Kitu ambacho waliobaki wanacho na hawajui wanacho ni sikio. Ukishakuwa mkubwa, karibu kila anayekuzunguka unamlipa, au anatarajia umlipe, kwa hiyo anacheka. Unaweza kuzunguka mikoa mitatu na kichekesho kibovu na asitokee wa kukuambia. Jamaa yetu anapiga simu usiku, hasalimii, anaanza moja kwa moja kusimulia. Tukinyamaza, anajua. Anauliza, "Wapi?" Tunamwambia wapi.

Sasa hivi ana kimoja kirefu cha mtu aliyebanwa na mlango wa mwendokasi. Fundi, ambaye siku hizi amerudi kumwita kwa jina lake la utotoni, amemwambia Kigoma hakuna mwendokasi, watu watamtazama tu. Amfanye mtu huyo awe kwenye boti ya Kagunga, injini imezima, na nahodha anaulizia abiria kama kuna anayejua kuogelea. Mwenye boti anadai hiyo ni habari yake ya kweli na anataka asilimia. Bado tunabishana.