Sheria ilianzia kwa ng'ombe wa marehemu

Mmeuliza wiki hii, watu wakihamia mahali hakuna serikali, sheria wanaitoa wapi? Najua wengi watajibu mambo ya haki na usawa, mi nasema kwanza inakuja mali, halafu wanaazima kitabu cha mtu. Chukua Oregon, magharibi ya Marekani. Tangu 1818 Marekani na Uingereza walikubaliana kulitumia lile eneo wote, kwahiyo walowezi wa Kimarekani walikaa pale bila mahakama ya kwao (wenyeji walikuwa na taratibu zao za siku nyingi ila nani aliwauliza).

Sasa Februari 1841 akafariki jamaa anaitwa Ewing Young, tajiri wa ng'ombe, hana wosia, mke wala mtoto hakuna anayejulikana pale. Wamemaliza kuzika tu watu wakaanza kuulizana, hii mifugo ya nani? Ikabidi wamteue daktari, Ira Babcock, awe hakimu wa mirathi, wakamwambia afuate sheria za New York, yaani upande wa pili wa bara zima!

Baadae mbwamwitu wakazidi kula mifugo, wakaitana vikao mwanzoni mwa 1843, wakachangishana na kupanga zawadi kwa atakayeua, mbwamwitu mkubwa dola 3, dubu dola 2. Humohumo kwenye kikao cha mbwamwitu ndo likaingia wazo la serikali. Mwezi Mei wakapigia kura hilo wazo huko Champoeg, kijiji cha Oregon, likapita, hesabu inayosimuliwa ni 52 kwa 50, Julai wakapitisha katiba yao ndogo na kuchukua sheria za Iowa. Kwanini Iowa? Hakuna hekima yoyote, kitabu cha sheria walichokuwa nacho mkononi kilikuwa cha Iowa, na Iowa yenyewe ilikuwa eneo changa la 1838, haijawa hata jimbo. Kunakili hakukuwa aibu lakini, maana ile sheria ya Marekani ya 1787 ya maeneo yake mapya ya kaskazini-magharibi ya wakati ule (sio Oregon) iliwataka gavana na majaji wachukue sheria za majimbo ya zamani, sio watunge za kwao. Hata Tanganyika tuliendeshwa miaka mingi na sheria ya mikataba ya India, tofauti ni kwamba sisi hatukupiga kura.

Ila walipoanza kutunga wenyewe ndo utawajua. Katiba ya 1843 ilikataza utumwa, sawa, halafu 1844 wakapitisha kwamba mtu mweusi lazima aondoke Oregon, akikaidi viboko 20 hadi 39, na akibaki anachapwa tena kila miezi sita! Hiyo sasa haikutoka Iowa, waliitoa vichwani mwao. Ilifutwa 1845 kabla hajachapwa mtu, na Peter Burnett aliyeisukuma alienda zake California, akawa gavana wa kwanza wa jimbo.