Kugawanya kwa robo: mbona jibu linakua?

Dada, mwanao hajakosea. Umeuliza iweje 6 ÷ 1/4 iwe 24, ilhali kugawanya ni kupunguza. Ni kupunguza ukigawanya kwa 2 au 3. Ukigawanya kwa kipande kidogo kuliko 1, jibu linakua.

Achana na daftari kwanza, mpeleke dukani. Mwenye duka ana sukari kilo 6, anaifunga kwenye vifuko vya robo kilo. Kilo moja inatoa vifuko 4, kwa hiyo kilo 6 zinatoa 24. Sukari haijaongezeka hata punje. Vifuko ndivyo vilivyo vingi. Swali lenyewe ni hili: robo ngapi zimo ndani ya 6?

Bibi zetu walilijua hili bila chaki. Pishi moja ni vibaba vinne, basi pishi 3 za mchele ni vibaba 12. Hiyo ndiyo 3 ÷ 1/4.

Wengi (nami nilikuwamo) huchanganya "gawanya kwa robo" na "gawanya kwa nne". Kilo 6 ukizigawia watu wanne, kila mmoja anapata kilo moja na nusu. Hilo ni swali jingine kabisa.

Ile kanuni ya "geuza halafu zidisha" (1/4 igeuke 4, kisha uzidishe) usimpe mapema. Mpe maziwa lita 2 na kikombe cha theluthi lita, amimine mwenyewe akihesabu. Akifika kikombe cha 6 na chombo kikabaki kitupu, muulize 2 ÷ 1/3 ni ngapi.