Haisi ya kulala ndani, watoto, na mlima wa Lushoto

Ukitoka Tanga mjini na gari la kulala ndani, gari halikwambii linaumwa wapi mpaka ufike Mombo. Muheza mtapita mkinunua machungwa, Hale mtapita, Segera mtakata kulia, Korogwe mtakula, na muda wote huo mshale wa temperecha umetulia pale pale. Njia ni lami, na milima mnaiona kwa pembeni tu. Pale Mombo ndipo mnapoiacha barabara kuu ya Moshi na kuanza kupanda. Ndani ya kilomita kama 33 mnatoka kwenye joto la bondeni, mita 400 hivi, hadi Lushoto iliyo kwenye mita 1,400 juu ya usawa wa bahari. Kona haziishi, huku mwamba na huku korongo. Wajerumani walianza kujenga reli pale Tanga mwaka 1893 wakaifikisha Mombo mwaka 1905, lakini Lushoto hawakuipandisha. Waliipitisha chini ya mlima ikaendelea Moshi. Gari lako linaombwa kufanya kazi ambayo treni haikupewa.

Haisi yetu ni ya dizeli, ya siku nyingi. Viti vya nyuma vilitolewa, likawekwa kitanda cha mbao chenye droo chini yake, godoro, kabati la vyombo, jiko la gesi na tanki la maji. Mbele anakaa mama mkwe, nyuma tuko mimi na watoto. Namtaja mama mkwe kwa makusudi. Gari likikuharibikia mlimani ukiwa peke yako, huo ni usumbufu. Likiharibika ukiwa na mtu mzima mwenye dawa za presha na mtoto anayenyonya, kila uamuzi unabadilika: pa kusimama, wa kumpigia simu, hata saa ya kuondoka nyumbani. Kwa hiyo haya nayaandikia familia, na kama mtashika jambo moja tu, liwe hili: simameni wakati bado mnachagua pa kusimama. Dakika kumi baadaye gari ndilo litakalochagua, na litachagua kwenye kona.

Haisi injini yake iko chini ya viti vya mbele. Tukiwa tumeshaanza kukata kona za juu ya Mombo, mama mkwe akasema, "Mwanangu, hapa nilipokaa panaunguza." Mume wangu akatazama mshale, umepita katikati kidogo, si wa kutisha. Hakubishana na mama yake. Alipunguza mwendo, akavuka kona mbili, akapata sehemu pana ambapo malori hupumzikia, akaegesha. Tulipoinua kiti, mpira wa juu wa rejeta ulikuwa umechanika karibu na klampu, ufa mwembamba kama wa wembe, mvuke unatoka kwa mluzi. Maji yalikuwa yanaondoka kimya kimya.

Hapa kuna jambo ambalo madereva wengi wa familia hawalijui. Mshale wa temperecha unategemea kisoma joto kilichozama ndani ya maji. Maji yakishapungua kiasi cha kukiacha wazi, kinabaki kwenye mvuke au hewa, na mshale unaweza kusimama au hata kushuka wakati injini inaungua. Ukiuona umeshuka ghafla kwenye mlima mkali, usishukuru, simama. Na msikilizeni aliyekaa juu ya injini. Harufu tamu ya kulanti, yaani maji maalumu ya kupozea injini, joto kwenye kiti, gari kuanza kukosa nguvu, hizo ni habari zinazofika kabla ya dashibodi.

Kizibo cha rejeta nacho watu wanakidharau. Kazi yake ni kubana maji kwa shinikizo ili yasichemke kwa nyuzi 100 bali yafike karibu 120. Kikilegea mpira wake, unakosa ulinzi huo, na ukizingatia kwamba kwenye urefu wa Lushoto maji ya wazi huchemka kwa nyuzi kama 95, gari ambalo Tanga halijawahi kuchemsha linaweza kuchemsha kule bila sababu nyingine yoyote. Kizibo kipya ni bei ndogo kuliko chakula cha mchana cha familia. Nunua. Na kikiwa cha moto, kisiguswe na mtu yeyote. Maji yaliyobanwa hivyo yakipata mwanya yanaruka usoni. Tulisubiri mpaka mpira wa chini ukashikika kwa mkono mtupu. Kumwaga maji baridi kwenye injini iliyochemka nako kunaweza kupasua silinda hedi, kile kifuniko cha juu cha injini, na hapo safari imekwisha.

Sisi watu wa pwani tuna tabia ya kujaza rejeta kwa maji yoyote yaliyo karibu, na visima vyetu vingi vina chumvi. Chumvi hiyo inakula rejeta kutoka ndani na kuziba njia zake nyembamba, na kwenye tambarare huoni tofauti. Wekeni kulanti, na mkikosa kabisa basi maji safi ya kunywa. Kuna na hili la mafundi kutoa themostati, kile kidude kinachozuia maji yasizunguke mpaka injini ipate joto, wakisema gari litapoa zaidi. Mimi silikubali. Hali ya hewa ya Lushoto ni baridi, na injini isiyo na themostati haifikii joto lake, inakunywa mafuta na kuvuta kwa shida. Kama themostati imekufa, iwekwe nyingine.

Fundi alikuja kwa bodaboda kutoka Soni, mji mdogo ulio njiani kabla ya Lushoto. Kitu cha kwanza alimwamkia mama mkwe, "Shikamoo bibi," kisha ndipo akainama kwenye injini. Hakuwa na mpira wa Haisi. Alikuwa na kipande cha mpira wa Kanta, akaupima kwa shibiri, akaukata kwa kisu, akapaka sabuni ya maji kwa ndani, akausokota mpaka ukaingia. "Kaka, huu utakufikisha, lakini ukifika mjini tafuta wake," alimwambia mume wangu. Halafu akafanya kitu ambacho nimeona mafundi wengi wakikiruka: aliwasha injini kizibo kikiwa wazi, hita ya ndani imefunguliwa mpaka mwisho, akawa anajaza taratibu huku mapovu yanatoka, mpaka yakaisha. Upepo ukibaki ndani ya mfumo wa maji, gari litachemsha tena mbele kidogo tu. Msimwache fundi afunge kizibo kabla ya hapo. Bei pia mwelewane kabla hajashika spana. Yeye alitaja ya haki, tukamlipa na nauli ya bodaboda.

Tangu hapo kwenye droo ya chini ya kitanda kuna mpira wa juu na wa chini wa gari letu hasa, klampu za saizi mbili, mkanda wa feni, fyuzi, kulanti galoni moja, spana na tochi ya kichwani. Jeki na tairi la akiba sivitaji, kila mtu anajua, ila hakikisheni tairi hilo linatolewa bila kubomoa kitanda.

Kuhusu uzito. Gari la kulala ndani ni kigeugeu, kila safari linaongezewa kitu. Maji lita 60 ni kilo 60, sawa na kupakia mtu mzima mwingine. Hakuna haja ya kuyabeba kutoka Tanga wakati Lushoto maji yapo. Tunapanda na lita chache za kunywa na kunawa, tanki tunalijazia juu. Mtungi wa gesi tunachukua ule mdogo wa kilo 6, umesimama wima, umefungwa kwa mkanda, na koki imefungwa wakati wote gari linapotembea. Mchele, mafuta na vyombo vizito vikae chini katikati ya magurudumu, siyo juu kwenye keria. Haisi yenyewe ni ndefu kwenda juu na kwenye kona inalala.

Watoto watatapika. Wapeni chakula chepesi Korogwe, tangawizi kidogo, madirisha wazi, na simu zizimwe tangu Mombo. Simameni Soni muone maporomoko. Yanaonekana barabarani, na injini nayo inapumua.

Sasa breki, ambazo ndizo zinanitia hofu kuliko kuchemsha. Gari likichemsha linasimama. Breki zikiisha halisimami.

Mafuta ya breki yana tabia ya kunyonya unyevu wa hewani, na sisi Tanga hewa yetu yote ni unyevu. Yale ya DOT 3, daraja lake limeandikwa kwenye chupa, yakiwa mapya huchemka kwa nyuzi 205 na zaidi, lakini yakishanyonya maji kiwango kinaweza kushuka hadi 140. DOT 4 ni 230 yakiwa mapya na 155 yakishachoka. Ukishuka mlima mrefu mguu ukiwa juu ya pedali, breki zinapata moto, mafuta yanachemka, yanageuka mvuke, na mvuke unabonyea. Pedali inazama mpaka chini na gari linaendelea. Wala hakuna kilichovunjika. Ukilipeleka gereji kesho yake likiwa limepoa, fundi atakwambia breki nzima. Kwa hiyo kila baada ya miaka miwili, na hakika kabla ya safari ya mlimani, mwageni yote muweke mapya. Kuongezea tu juu hakusaidii.

Tulipokuwa tumeegesha Irente, karibu na Lushoto mjini, kwenye shamba la Kanisa la Kilutheri ambako unaweza kulala kambini na kununua jibini na mkate wao, mume wangu alizunguka magurudumu yote asubuhi na tochi. Huwa anafanya hivyo kabla ya kila mteremko. Gurudumu la nyuma kushoto lilikuwa na doa la mafuta kwa ndani, limeteremka mpaka kwenye tairi. Silinda ya breki ilikuwa inavujisha. Watoto walikuwa wameshapakia mabegi, shule inakaribia kufunguliwa, na mimi nilikuwa na watu wa kuwajibu kazini. Tuliongeza siku. Fundi wa Lushoto mjini alifungua, akabadilisha silinda na breki shoo za pande zote mbili, siyo upande mmoja tu, akatoa upepo kwenye mabomba ya breki, kuanzia gurudumu lililo mbali na pampu ya breki mpaka la karibu. Nawaomba, hapa msipigane na kalenda. Mpigieni bosi simu, mpigieni mwalimu simu, laleni.

Kushuka kwenyewe ni hivi: gia uliyopandia ndiyo ya kushukia. Kama ulipanda na namba mbili, shuka na namba mbili tangu juu kabisa, usingoje gari lipate kasi. Breki unakanyaga kwa nguvu kidogo, unaachia, zinapoa, unakanyaga tena. Nyutro ni marufuku, hata kama jirani yako anasema inaokoa mafuta. Mkisikia harufu kali ya kuungua, egesheni, ngojeni nusu saa, na msimwage maji kwenye magurudumu maana chuma cha moto kinapasuka. Wekeni jiwe nyuma au mbele ya tairi kulingana na mteremko. Na mkiondoka, chukueni jiwe lenu mlitoe barabarani. Hili naliomba kwa moyo wote. Barabara ile ina mawe na matawi yaliyoachwa na watu waliokwisha ondoka zamani, na usiku pikipiki yenye mama na mtoto mgongoni haiwezi kuyaona kwenye kona.

Usiku wa Lushoto, hasa kati ya Juni na Agosti, ni baridi ambayo mtu wa Tanga haijui. Betri iliyochoka inakufa humo. Yetu iligoma alfajiri moja, na ilikuwa bahati tumeegesha kwenye mteremko, gari likawaka kwa kusukumwa. Kwa gari lenye taa za ndani na chaji za simu, fungeni betri mbili zilizotenganishwa, moja ya kuwashia injini tu na nyingine ya nyumba, ili watoto wakisahau taa msikose kuondoka. Na kila mkiegesha kwa kulala, geuzeni pua ya gari ielekee njia ya kutokea.

Swali la wapi pa kuanzia huulizwa sana na ndugu zangu, kwa kuwa Amani iko karibu zaidi nasi na inavutia: msitu wa hifadhi, mashamba ya chai, bustani ya mimea iliyoanzishwa na Wajerumani mwaka 1902. Lakini njia ya kupanda kutoka Muheza ina sehemu za vumbi na mawe, mvua ikinyesha zinateleza, na fundi hayuko karibu. Kwa mara ya kwanza nendeni Lushoto. Ni lami mpaka mjini, mabasi yanapita kutwa kwa hiyo msaada haukosekani, na Soni na Lushoto zina mafundi na spea. Mtae, kule ukingoni unapoiona hifadhi ya Mkomazi chini yako, iacheni mpaka gari limepanda Lushoto na kurudi bila kudai kitu. Epukeni masika, Machi hadi Mei, udongo unaporomoka. Ondokeni Tanga alfajiri ili Mombo mfike kabla jua halijakaza, maana injini inayoanza mlima saa tatu asubuhi ina nafasi kubwa kuliko ile ya saa nane mchana, na mkikwama bado mna mchana mzima wa kutafuta mpira wa rejeta.