Maswali na majibu: Getini si stendi ya magari

Shule zimefunguliwa na barua zenu kuhusu usalama wa watoto barabarani zimeanza tena kunifikia, nyingi ni zilezile za muhula uliopita. Nimechagua chache.

*Namshusha mwanangu getini kwa dakika moja tu, tena taa za hazadi nimewasha. Juzi mwalimu wa zamu alinifokea mbele za watu. Kosa langu ni nini? Mama wa darasa la pili, Tabata.*

Umekosea, mama, na mwalimu alikuwa na haki, hata kama angeweza kukuambia kwa upole. Hazadi ni ya gari lililopata hitilafu. Haigeuzi mahali pasiporuhusiwa kusimama pakawa maegesho. Na hiyo dakika yako moja haiko peke yake: nyuma yako yuko mwenzio na dakika yake, na nyuma yake mwingine, mpaka kengele inagongwa geti halijapata nafasi ya kupumua.

Mwezi uliopita nilisimama nje ya shule moja ya msingi Temeke kuanzia saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Kulikuwa na Noah imeegeshwa pembeni, na Prado imejibana nyuma yake, matairi mawili juu ya njia ya waenda kwa miguu. Mtoto wa kiume, begi limemshuka karibu na magoti, chupa ya uji mkononi, alipenya katikati ya magari hayo mawili ili avuke. Kichwa chake kilikuwa sawasawa na boneti ya Prado. Ili aone barabara ilibidi atoke kwanza, na alipotoka ikapita bajaji. Dereva alikanyaga breki, mtoto akarudi nyuma, chupa ikadondoka na uji ukamwagika kwenye lami. Sasa sikiliza alichofanya: aliinama palepale barabarani kuiokota chupa. Ana miaka sita au saba, na anachokiwaza ni kwamba nyumbani ataulizwa chupa iko wapi. Dereva wa daladala iliyokuwa inakuja asingeweza kumwona hata angekuwa makini namna gani, kwa sababu Noah ilikuwa imemkinga.

Ndiyo maana nasema kila mwaka: gari lililosimama getini ni hatari kama lile linalokimbia, kwa kuwa linamficha mtoto. Egesha mita mia mbili nyuma, mtaa wa pembeni, umshike mkono mtembee. Ashukie mlango wa kushoto, upande wa ukingo, asishukie kulia kwenye magari yanayopita. Na usimshushe ng'ambo halafu ukampungia avuke mwenyewe.

*Mwendo unaoruhusiwa mbele ya shule ni kilomita ngapi kwa saa? Dereva, Kinondoni.*

Nimelijibu swali hili mara nyingi, na anayeliuliza ana leseni mfukoni. Kwa Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973, eneo la makazi ni 50. Penye kibao cha 30 ni 30. Lakini 50 ndiyo ukomo wa juu, hujaamriwa uifikie, hasa watoto wanapotoka madarasani.

Piga hesabu mwenyewe. Ukiwa kwenye 50, ile sekunde moja ya kushtuka tu gari limeshakula mita 14 kabla mguu haujagusa breki. Mpaka lisimame, kwenye lami kavu na breki nzima, ni kama mita 28. Ukiwa kwenye 30, yote kwa pamoja ni kama mita 13. Mtoto akichomoka mita 20 mbele yako, kwa 30 unasimama mnatazamana. Kwa 50 unamfikia gari likiwa bado na mwendo wa zaidi ya 35. Mawaziri wa nchi mbalimbali waliokutana Stockholm, Sweden, Februari 2020 kuzungumzia usalama barabarani walitaka 30 iwe ndiyo ukomo popote magari yanapochanganyika na waenda kwa miguu. Mbele ya shule zetu asubuhi hakuna kingine ila mchanganyiko huo.

*Bodaboda wetu ni mwaminifu, anawachukua wanangu watatu kwa mpigo ili tupunguze gharama. Kuna ubaya?*

Upo. Usiwapakie watoto mshikaki. Mwaminifu hawezi kumshika wa nyuma akisinzia.

*Kamati ya shule imechangisha fedha za rangi ili tuchore kivuko cha pundamilia wenyewe mbele ya geti. Tunaruhusiwa? Mjumbe wa kamati, Mwanza.*

Msichore. Jueni kwanza barabara ni ya nani: barabara kuu na za mkoa ni za TANROADS, yaani Wakala wa Barabara, za mitaani ni za TARURA, Wakala wa Barabara za Vijijini na Mijini. Andikeni barua kupitia mwalimu mkuu na serikali ya mtaa, muambatanishe picha za asubuhi na za mchana, na orodha ya watoto waliogongwa au kukoswakoswa, tarehe kwa tarehe. Barua isiyo na orodha hiyo inakaa kwenye faili. Nakala muipeleke kwa diwani.

Na mkishaandika, msiombe rangi peke yake. Rangi haipunguzi mwendo wa gari. Mtoto amefundishwa darasani kwamba kwenye pundamilia magari husimama, anaingia kwa imani hiyo, na dereva aliyemzoea pundamilia kama pambo la lami hasimami. Baya zaidi ni hili: gari la kwanza linasimama kiungwana, la pili linalipita kwa kulia. Mtoto halioni gari la pili mpaka liko juu yake. Wewe dereva unayesoma hapa, mwenzako akisimama kwenye kivuko, simama nyuma yake. Usimpite hata kama huoni mtu.

Ombeni kivuko kilichoinuliwa, yaani pundamilia juu ya tuta, ili asiyetaka kusimama alazimike kupunguza mwendo. Msijenge tuta lenu kwa kifusi na matairi chakavu. Tuta lisilo na alama linaua mwendesha bodaboda usiku.

Haya si mageni kwetu. Dar es Salaam shirika la Amend lilikwenda shule baada ya shule zilizokuwa na hatari kubwa, likaweka matuta, vivuko, njia za miguu zilizotengwa na magari kwa vizuizi, na pengine geti likahamishwa kutoka barabara yenye magari mengi. Kazi hiyo ilipata tuzo ya kimataifa ya miji ya WRI, taasisi ya utafiti ya Marekani, mwaka 2019. Hakuna daraja la juu wala taa za gharama kubwa humo. Kwa hiyo zile fedha za rangi, angalieni kama shule yenu ina ukuta unaopakana na kichochoro. Tobo la mlango mdogo upande huo, ndani ya eneo la shule yenyewe, linaweza kuwasaidia watoto wenu kabla barua haijajibiwa.

*Akina mama wanaouza mihogo na ubuyu getini waondolewe?*

Wasogezwe ndani ya uzio, au upande uleule wa barabara ilipo shule. Muuzaji akiwa ng'ambo, watoto watavuka kwa ajili ya ubuyu mara mbili kwa siku. Ila nashangaa barua za kumlalamikia mwenye beseni ni nyingi, na za kumlalamikia mwenye Prado juu ya njia ya miguu hazifiki tatu.

*Dereva wa gari la shule anakimbiza sana. Tukilalamika, uongozi unasema ana uzoefu.*

Kwenye ajali ya basi la shule kule Karatu, Mei 2017, walikufa wanafunzi 32, walimu wawili na dereva. Sitaki kusikia neno uzoefu. Andikeni malalamiko kwa maandishi, wazazi wengi muweke sahihi, nakala ipelekwe kwa askari wa usalama barabarani wa wilaya. Tena hakikisheni kuna mtu mzima anayeshuka kwanza na kuwavusha. Watoto wengi wakishashuka hupita mbele ya gari, chini ya usawa wa macho ya dereva asiweze kuwaona, naye anaondoka.

*Mtoto aanze kuvuka barabara peke yake akiwa na umri gani?*

Inategemea barabara, lakini kabla ya miaka kumi hivi watoto wengi hawawezi kukadiria gari linakuja kwa kasi gani. Wanaona tu kwamba liko mbali. Ukifika wakati huo, mpeleke wiki nzima yeye ndiye akuvushe: asimame, aangalie, akuambie lini mwende, wewe ukae kimya. Akikosea hata mara moja, mshike mkono muhula mwingine.