Kwa nini SNP walikosa kiti cha orodha Glasgow 2021

Unauliza inakuwaje SNP (chama cha kitaifa cha Scotland) waongoze kura za orodha kanda ya Glasgow kwenye uchaguzi wa Bunge la Scotland mwaka 2021, kura 133,917, halafu waambulie patupu. Tatizo ni kigawanyo.

Mpiga kura wa Bunge la Scotland hupewa karatasi mbili: moja ya mbunge wa jimbo, nyingine ya chama kwenye kanda, ambayo ndiyo kura ya orodha. Viti 7 vya kanda hutolewa kimoja kimoja. Kila mara, kura za chama hugawanywa kwa viti ambavyo tayari kinavyo, vya majimbo vikiwemo, ukiongeza 1; chenye jibu kubwa zaidi hupata kiti. SNP walishazoa majimbo yote 9, kwa hiyo waligawanyiwa kwa 10: wakabaki na 13,391. Labour hawakuwa na jimbo hata moja, wakaanza na 74,088 nzima na kuondoka na viti 4.

Kasheshe ilikuwa kiti cha 7. Conservative, wakiwa na kimoja: 37,027 ÷ 2 = 18,513. Greens, nao kimoja: 36,114 ÷ 2 = 18,057. Kura kama 900 tu zaidi, Greens wangekichukua.

Na karatasi ya pili si "chaguo la pili", kama wengi wanavyodhani. Kwa chama kidogo, hiyo ndiyo yenye kiti.