Taa za breki hazizimi: je, swichi imekufa?

SWALI: Fundi, gari langu dogo la Kijapani, otomatiki, linabaki na taa za breki zinawaka hata nikishatoa ufunguo. Asubuhi nakuta betri imekwisha. Fundi wa mtaani kaniambia ninunue swichi ya breki. Naweza kuipima mwenyewe nyumbani kabla sijatoa pesa?

JIBU: Unaweza, na usinunue kitu kwanza. Kwa dalili hiyo swichi mara nyingi inasingiziwa.

Chukua tochi, inama chini ya usukani, ufuate pedali ya breki mpaka juu. Hapo utaona swichi yenye soketi ya waya, na kijiti chake kinaingia na kutoka kama kitufe cha kalamu. Pedali ikiwa juu hukisukuma ndani, taa zinazima. Ukikanyaga, kinatoka, zinawaka. Sasa, kwenye magari mengi ya Kijapani kijiti hakigusi chuma. Kinagusa kipira kidogo kilichochomekwa kwenye tundu la pedali. Kikizeeka kinapasuka na kudondoka, kijiti kinapenya tundu, na gari linaamini umekanyaga breki usiku kucha. Papasa zulia: vipande vyake huanguka pale kama makombo ya mkate mkavu.

Bonyeza kijiti kwa kidole, mtu mwingine akiangalia nyuma. Taa zikizima, swichi ni nzima, tafuta kipira. Kwa usiku mmoja bolti fupi na nati kwenye tundu hilo zinatosha.

Zisipozima, chomoa soketi. Zikizima hapo, swichi imeganda ndani. Zikiendelea kuwaka, iache swichi, tafuta waya uliopiga shoti.

Mwenye mita ya kupimia umeme athibitishe hivi: soketi ikiwa imechomolewa, weka mita kwenye alama ya mlio, gusa pini mbili za swichi. Kijiti kikiwa nje ilie, kikiwa ndani inyamaze. Swichi ya pini nne ina jozi mbili, na jozi ya pili kwa kawaida hufanya kinyume. Usiihukumu kwa hilo. (Kama taa zingekuwa haziwaki kabisa, ningekutuma kwenye fyuzi na globu kabla ya yote haya.)

Ukishafunga, rudisha gari nyuma karibu na ukuta jioni, uachie pedali, utazame kwenye kioo. Ukuta usiwe na wekundu wa breki.